Weintek MT8071iE: skrini nzuri ya namba, kwa anayejua kuipanga

Kwa kinu cha mahindi kule Kampemba, Lubumbashi, kituo cha pampu Ruashi au mtambo mdogo wa kuchenjua madini kwenye barabara ya Likasi, MT8071iE ya Weintek ni skrini ya kutosha. Kampuni ni ya Taiwan, programu ya kuipangia, EasyBuilder Pro, hupakuliwa bure, na skrini huelewana na PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mashine) za kampuni nyingi. Hayo yanajulikana. Kinachosemwa kidogo ni kwamba skrini hii humwachia fundi uhuru mkubwa mno kwenye namba. Hukubali mpangilio wowote, na ukikosea itaonyesha tarakimu safi, kubwa, za rangi nzuri, ambazo ni uongo. Opereta wa zamu ya usiku ataziandika kwenye daftari la ripoti bila wasiwasi wowote.

Mwili wake tuupitie haraka. Ni inchi 7, pikseli 800 kwa 480, umeme wa volti 24 DC, tundu moja la Ethernet, pamoja na njia za waya za mawasiliano RS-232 na RS-485. Uso wa mbele una kinga ya IP65 dhidi ya vumbi na maji, mradi ukanda wa mpira umekaa vizuri na tundu la kwenye mlango wa kabati limekatwa 192 kwa 138 mm bila kuzidi. Mguso wake ni wa kubonyeza, kwa hiyo glavu za ngozi si tatizo. Hapo inashinda simu na tableti ambazo watu wengine hujaribu kuzifunga kiwandani. Ubaya wa mguso huo huonekana kiangazi, vumbi jekundu la Lubumbashi linapoganda juu ya kioo: anayefuta kwa kitambaa huku skrini inawaka anabonyeza vitu. Weka ukurasa mmoja mtupu wa kusafishia, usio na kitufe chochote isipokuwa cha kurudi.

Kuweka namba kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Chagua kitu kiitwacho Numeric, kiburute kwenye ukurasa, kisha jaza mambo manne: kifaa kinachosomwa, anwani ya rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kifaa), aina ya data, na idadi ya tarakimu kushoto na kulia kwa nukta. Kama opereta anaruhusiwa kubadilisha namba, weka alama kwenye «Allow input». Kama ni ya kusoma tu, iache wazi. Mambo manne, na matatu kati yake yana mtego.

Aina ya data

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Orodha ya EasyBuilder ina BCD, heksadesimali, biti 16 na biti 32 zenye alama ya kutoa au zisizo nayo, na floti (namba yenye desimali) ya biti 32. Programu haijui PLC yako imeweka nini ndani ya rejista. Inachukua biti na kuzisoma kwa miwani uliyoivalisha.

Chukua joto la 45.0 °C lililohifadhiwa kama floti. Ndani ya kumbukumbu ni 42340000 kwa heksadesimali. Ukilisoma kama namba kamili ya biti 32, skrini itaonyesha 1110704128. Ukisoma nusu yake ya juu peke yake kwa biti 16, utaona 16948. Namba za aina hiyo, zilizo kubwa kupita akili na zinazoruka kwa mamia joto linapobadilika kidogo tu, ni dalili ya floti iliyosomwa kama namba kamili. Usianze kubadilisha sensa. Badilisha aina ya data.

Dalili ya pili ni sifuri isiyotoka. Kwenye Modbus, lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani, vifaa havikubaliani ni nusu ipi ya biti 32 itumwe kwanza. Nusu zikigeuzwa, 45.3 huwa namba ndogo kiasi cha 0.00000004, na skrini inaonyesha 0.0 kwa utulivu kabisa. Lakini pH ya 7.2 ikigeuzwa hivyo hivyo huwa namba yenye tarakimu 24, isiyoingia kwenye nafasi yoyote. Ndiyo maana mita ileile inaweza kutoa sifuri kwenye kipimo kimoja na takataka kwenye kingine, na fundi akadhani ina hitilafu mbili. Ni moja. Dawa yake kwenye EasyBuilder ni kusoma kwa aina ya anwani 5x badala ya 4x ya kawaida: ni rejista zilezile, ila nusu mbili zimebadilishana nafasi. Kama kifaa kizima kinatuma kwa mpangilio huo, geuza mara moja kwenye mipangilio ya kifaa (mpangilio wa baiti, ABCD kwenda CDAB) na uendelee na 4x. Ukifanya yote mawili unarudi ulikotoka.

Dalili ya tatu ni 65,000 na ushei. Mzani wa gunia ukisoma kilo 5 chini ya sifuri baada ya kuondoa uzito wa chombo, na wewe umechagua biti 16 zisizo na alama ya kutoa, opereta ataona 65531. Chochote kinachoweza kushuka chini ya sifuri, iwe uzito halisi, mkondo wa umeme wa pande mbili au tofauti ya presha, kipewe aina yenye alama, na nafasi moja ya ziada ya kuandikia alama hiyo.

Anwani: moja zaidi au moja pungufu

EasyBuilder huhesabu 4x kuanzia 1. Vitabu vingi vya vifaa huhesabu kuanzia 0. Mfano halisi ni Altivar ATV320 ya Schneider, kidhibiti mwendo wa mota: frekwensi inayotoka iko anwani 3202 na mkondo wa mota 3204, kwa hesabu ya sifuri. Kwenye skrini unaandika 4x-3203 na 4x-3205. Ukiandika 3202 kama ilivyo kitabuni, utasoma jirani yake, na ubaya ni kwamba jirani naye mara nyingi ana namba inayoaminika.

Tukiwa hapo hapo: ATV320 hutoka kiwandani ikiwa na Modbus ya 19200, biti 8, pariti shufwa, biti 1 ya kusimama, na anwani yake imezimwa. Ipe anwani kwanza, la sivyo hakuna kitakachojibu. Kwenye tundu lake la RJ45, waya wa 4 ni D1 na huenda kwenye alama ya kujumlisha ya RS-485 ya skrini, wa 5 ni D0 na huenda kwenye alama ya kutoa, wa 8 ni wa pamoja. Weka kizuizi cha omu 120 kwenye kila ncha ya laini, ncha mbili tu hata kama vifaa ni vinane.

Kuna mipangilio miwili midogo ambayo watu hawaigusi. Kwanza, «Interval of block pack»: skrini hukusanya rejista zilizo karibu na kuzisoma kwa mkupuo, pamoja na mapengo ya katikati. Mita za umeme ambazo hukataa anwani zisizotumika zitajibu kosa kwa mkupuo mzima, na namba zote za ukurasa zitapotea kwa sababu ya pengo moja. Weka 0. Pili, kifaa kinachopokea rejista moja moja tu kitakataa ukiandika kwa 4x; jaribu 6x, ambayo hutumia amri ya 06 ya Modbus na huandika rejista moja kwa wakati.

Kwa PLC ya Siemens S7-1200 mtego ni mwingine. Ukitumia anwani za kawaida za DB (kundi la data ndani ya PLC), lazima uruhusu PUT/GET, yaani kusomwa na kuandikwa na vifaa vya nje, kwenye ulinzi wa CPU, na uondoe alama ya «Optimized block access» kwenye DB husika, kisha ukusanye programu (compile) na kuipakia upya. Ukisahau moja kati ya hayo, kebo ni nzima, anwani ya IP ni sahihi, na bado hupati kitu. Nusu za kugeuza hazipo huku. Kiunganishi chenyewe (driver) kinajua mpangilio wa Siemens.

Nukta, na kugeuza kipimo mara mbili

Kwa namba kamili, tarakimu za kulia kwa nukta hazigawanyi chochote. Zinachomeka nukta tu. Rejista ikiwa na 500 na ukaomba tarakimu moja kulia, utaona 50.0. Kwa floti, mpangilio uleule unakata desimali tu na thamani inabaki ileile. Anayechanganya hizi mbili hupata makosa ya mara kumi, na hayo ndiyo hatari kuliko yote, kwa sababu 5.0 Hz na 50.0 Hz zote zinaonekana za kweli kwa mtu aliye mbali na mota.

Kosa la kawaida linakwenda hivi. Altivar hutoa sehemu za kumi, yaani 500. Mwandishi wa PLC, mtu mwangalifu, anagawanya kwa 10 na kupeleka 50. Fundi wa skrini, naye mwangalifu, amesoma kitabu cha Altivar na ameweka nukta. Kioo kinasema 5.0. Kila mmoja ana hoja yake, na kila mmoja yuko sahihi kwenye karatasi yake.

Skrini yenyewe inaweza kugeuza kipimo: unaipa kiwango cha chini na cha juu cha PLC, kisha vya uhandisi. Inafanya kazi. Hata hivyo ushauri wetu ni kutoitumia pale PLC inapoweza kufanya kazi hiyo. Kengele, rekodi na mantiki ya kuzima pampu vyote viko PLC. Vikitumia namba ghafi huku opereta akiona namba iliyogeuzwa, siku ya kurekebisha sensa utabadilisha sehemu moja na kusahau nyingine. Kwa S7-1200, ishara ya mA 4 hadi 20 huja kama 0 hadi 27648. Ipitishe amri za kugeuza kipimo NORM_X kisha SCALE_X, ipate mita, na skrini isome floti iliyokwisha iva: tarakimu 1 kushoto, 2 kulia kwa tanki la mita 6. Vipimo vya sensa za joto za RTD kwenye S7-1200 huja tayari kwa sehemu za kumi za digrii, 253 ikiwa ni 25.3, hivyo havihitaji hesabu, vinahitaji nukta tu.

Kupima ni lazima, na thamani moja ya kupimia haitoshi: tanki likiwa tupu, mpangilio wowote mbovu utaonyesha 0.00. Tumia kalibreta ya mA, toa 4, 8, 12 na 20, na kwa tanki hilo la mita 6 usome 0.00, 1.50, 3.00 na 6.00. Kama huna kalibreta, lazimisha thamani hizo ndani ya PLC, ingawa hapo utakuwa hujapima waya. EasyBuilder ina simulesheni ya kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na PLC. Hukatika baada ya dakika 10, ambazo zinatosha kwa kazi hii ukiwa umejipanga.

Jumla za tani

Mizani ya mkanda inastahili aya yake. Jumla iliyohifadhiwa kwenye biti 16 hufika 65535 na kurudi sifuri. Mkanda wa tani 250 kwa saa hufika hapo kwa saa 262, chini ya siku 11 za kazi mfululizo. Wengi wakishaliona hilo hukimbilia floti, na hapo wanaingia kwenye shimo lenye kina zaidi. Floti ya biti 32 ina usahihi wa tarakimu kama 7 tu. Ukijumlisha tani 0.1 kila mara, ukishapita 524,288 kila 0.1 inahesabiwa kuwa 0.125, yaani robo zaidi ya mzigo uliopita. Ukifika 2,097,152 jumla inasimama kabisa, mkanda ukiwa unazunguka. Hakuna kengele itakayolia. Hesabu kwa kilo, kwa namba kamili ya biti 32 isiyo na alama: ina nafasi ya tani milioni 4.29. Kwenye skrini weka tarakimu 7 kushoto na 3 kulia, nukta itageuza kilo kuwa tani bila hesabu yoyote.

Sensa ikifa

Namba inayoonekana nzuri wakati waya umekatika ni mbaya kuliko kioo kilichozimika. Kwa kanuni ya NAMUR NE 43, inayotenganisha kipimo na hitilafu ya sensa, ishara ya mA 3.8 hadi 20.5 ni kipimo, ya 3.6 kushuka au 21 kupanda ni hitilafu. Kwenye S7-1200 iliyopangwa kwa mA 4 hadi 20, mA 3.6 ni karibu -691, na ishara ikifurika husomwa 32767. Tengeneza biti ya ubora ndani ya PLC kutokana na mipaka hiyo, kisha kwenye skrini fanya namba ifichwe na mistari mitupu ionekane mahali pake biti hiyo ikiwaka. Kuna mafundi hubana thamani isishuke chini ya sifuri ili «isionekane vibaya». Matokeo yake tanki la asidi linasoma 0.00 m, opereta anafungua vali ya kujaza.

Mawasiliano na PLC yakikatika, skrini hufungua dirisha namba 5 lenye ujumbe kwamba kifaa hakijibu. Linaudhi, na ombi la kulizima halikosekani. Likatae.

Kuingiza namba, na delestaji (mgao wa umeme)

Kila namba inayoingizwa iwe na mpaka wa chini na wa juu. Lengo la pH la tanki la kuyeyushia likiwa kati ya 1.5 na 1.8, hakuna sababu kibodi ikubali 18. Mpaka huohuo uwekwe na PLC, maana siku moja mtu atabadilisha skrini. Pia tenganisha anwani ya kuandikia na ya kusomea, EasyBuilder inaruhusu: opereta aandike ombi, lakini kioo kimwonyeshe lengo ambalo PLC imelikubali kweli. Nenosiri la awali la skrini ni 111111. Kila mtu analijua. Libadilishe kabla ya kufunga mlango wa kabati.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukikatika, swali ni lengo limehifadhiwa wapi. Rejista za LW za skrini hufutika, zikirudi ni sifuri. Za RW hubaki, ila huandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu kila dakika moja. Lililobadilishwa sekunde 20 kabla ya giza linaweza kupotea, isipokuwa umewasha biti ya mfumo LB-9029 mara baada ya kuingiza, ambayo hulazimisha kuhifadhi. Kwa mji wenye delestaji kama huu, mahali salama ni kumbukumbu ya kudumu ya PLC, na skrini ibaki dirisha tu. Saa yake ina betri yake. Ikifa, tarehe kwenye rekodi zinaharibika na hakuna anayeona hadi mwisho wa mwezi.

Muonekano

Namba ziegemee kulia, tarakimu za fonti ziwe na upana sawa ili zisicheze, na kipimo kiandikwe kando kwa herufi ndogo zaidi. Usionyeshe desimali ambazo chombo hakina: mita ya mtiririko yenye kosa la asilimia 1 haina haki ya kuandika 183.47 m³/saa, na tarakimu ya mwisho inayorukaruka inachosha macho. Kutuliza mruko ni kazi ya kichujio ndani ya PLC. Mwongozo wa ISA-101 wa mwaka 2015, kuhusu skrini za viwandani, unapendelea mandhari ya kijivu na rangi kali kwa hali isiyo ya kawaida tu. Hapa kwetu wateja hupenda kijani na buluu kila mahali, basi walau nyekundu ibaki ya hatari.

Jambo la kwetu zaidi: opereta aliyesoma kwa Kifaransa huandika 7,2 kwa mkato, na kibodi ya skrini inatoa nukta. Fomu za ripoti zichapishwe na mkato tayari kwenye kisanduku, la sivyo 1.250 ya kioo, tani moja na robo, itasomwa ofisini kuwa elfu moja mia mbili hamsini. Namba zenye tarakimu tatu za desimali ziepukwe kwa sababu hiyo peke yake, isipokuwa kwenye jumla ya tani tuliyoitaja, na huko andika «kilo» na «tani» kwa herufi kamili.

Ununue?

Ukiwa na PLC ya Siemens kila mahali na leseni ya TIA Portal, programu yake ya kupangia, tayari, skrini ya KTP700 Basic ya Siemens ina raha yake: vitufe 8 halisi chini ya kioo, na namba hupangwa kwa kuandika umbo lake, kwa mfano s999.9, ambalo linamlazimisha fundi kufikiria alama na tarakimu tangu mwanzo. Namba isipotosha huonyesha ####, wazi. Lakini kwa kiwanda chenye mchanganyiko, PLC ya Delta hapa, Altivar pale, mita ya umeme ya Modbus kule, Weintek inaunganisha yote kwa gharama ndogo ya programu, maana hakuna.

Mizigo mingi hupita mpakani Kasumbalesa na kuhama mikono kadhaa kabla ya kufika dukani. Kabla ya kulipa, kagua kwamba vibano vya kufungia mlangoni, ukanda wa mpira na plagi ya umeme vimo ndani ya boksi; vibano vikikosekana, IP65 ni maandishi tu. Washa kwa volti 24 na uguse pembe zote nne. Na kwa fundi anayekupangia, dai faili ya .emtp, ile ya mradi inayoweza kuhaririwa, pamoja na orodha ya rejista. Faili ya .exob iliyomo ndani ya skrini ni ile iliyokwisha kusanywa, na anayekuachia hiyo peke yake anakuachia kazi ya kuanza upya siku nukta moja itakapohitaji kusogezwa.